Ganzi haipigi hodi

Katika watu mia wenye kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili umeacha kujitengenezea insulini, ni wangapi ambao neva zao, zile nyuzi zinazopeleka hisia mwilini, zimeharibika? Swali hili hunifikia mara kwa mara, mara nyingi kutoka kwa mama au baba ambaye mtoto wake ameanza kuchoma insulini juzijuzi, na pengine kutoka kwa kijana aliyesoma kitu usiku kwenye simu akakosa usingizi. Mimi naishi na ugonjwa huu tangu shule ya msingi, na sasa ni mama wa watoto, kwa hiyo nalichukua kwa uzito wake. Jibu linategemea nani amehesabu na amehesabu vipi. Utaambiwa 11, utaambiwa 34, utaambiwa 66. Namba zote tatu ni za kweli, na ukielewa kwa nini zimeachana kiasi hicho, umeelewa sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana leo naandika kwa kirefu badala ya kujibu kwa ujumbe wa simu.

Tuanze na ile kubwa. Mji wa Rochester, jimbo la Minnesota kule Marekani, ndiko iliko hospitali kubwa ya Mayo Clinic. Madaktari wa huko, wakiongozwa na Peter Dyck, waliwachukua watu wenye kisukari wanaoishi eneo lile, si wale tu waliokuja wakilalamika, wakawapima neva kwa njia nyingi: umeme unapita kwenye neva kwa kasi gani, mtetemo unasikika kidoleni au hausikiki, mapigo ya moyo yanabadilika vipi mtu akivuta pumzi ndefu. Walichapisha matokeo mwaka 1993. Kwa wenye aina ya kwanza, asilimia 66 walikuwa na uharibifu wa neva wa namna moja au nyingine, na asilimia 54 walikuwa na ule uliozoeleka, unaoanzia miguuni. Sasa angalia namba inayofuata: waliokuwa na dalili za huo wa miguuni, dalili wanazozihisi wenyewe, walikuwa asilimia 15 tu.

Ndogo kuliko zote ni ya mwaka 2020. Ilitoka kwenye daftari kubwa la wagonjwa wa aina ya kwanza wanaohudhuria kliniki mbalimbali za Marekani, karibu watu wazima elfu sita. Hao hawakupimwa kwa chombo chochote. Walijaza fomu ya maswali: miguu inawaka moto? Inakufa ganzi? Umewahi kuwa na kidonda mguuni? Walioonekana kuwa na tatizo ni asilimia 11.

Ziweke sasa pamoja. Anayeuliza "unahisi nini?" anapata kumi na kitu. Anayegusa mguu na kupima neva anapata zaidi ya nusu. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya zama, kwa sababu waliopimwa Rochester walikuwa wameishi miaka mingi kabla ya insulini na vipimo vya nyumbani kuwa kama vilivyo leo. Lakini sehemu kubwa ni ya namna ya kuuliza. Wataalamu wa kisukari wanakubaliana kwamba hadi nusu ya watu ambao neva za miguu yao zimeharibika hawana dalili yoyote. Hawaumwi, hawawashwi, hawana cha kumwambia daktari. Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi sina shida ya neva, miguu yangu haiumi", namwuliza lini mara ya mwisho alivuliwa viatu kliniki.

Ile 34 ni ya Pittsburgh, mji mwingine wa Marekani, ilichapishwa mwaka 1989, na yenyewe inafundisha jambo jingine. Watafiti walifuatilia watu waliopata aina ya kwanza wakiwa watoto. Kwa jumla asilimia 34 walikuwa na tatizo, lakini walipogawanywa kwa umri, wa miaka 18 hadi 29 walikuwa asilimia 18, na wa miaka 30 na kuendelea asilimia 58. Ugonjwa ni uleule na mji ni uleule; kilichozidi ni miaka ya kuishi na sukari. Na kwa watoto na vijana wa Marekani waliopimwa miaka ya karibuni, wenye aina ya kwanza waliokutwa na tatizo walikuwa asilimia 7 tu, wakati vijana wenzao wenye aina ya pili, ile ambayo mwili una insulini lakini haiutoshi, walifika 22. Mzazi wa mtoto mdogo apumue kidogo hapo. Asipumue mpaka akasahau.

Kwa nini miguu, na kwa nini polepole? Neva inayofika kidole gumba cha mguu inaanzia mgongoni, chini ya kiuno, ikapita paja na muundi mpaka ukuchani, uzi mmoja mwembamba wenye urefu wa karibu mita moja. Nyumba ya mwisho kwenye laini ya umeme ya kijiji, taa zake ndizo za kwanza kufifia umeme ukipungua. Vidole vya miguu ndiyo nyumba ya mwisho. Misuli inahitaji insulini ili ipokee sukari, lakini neva haingoji ruhusa hiyo. Sukari ikijaa kwenye damu, na ndani ya neva inajaa. Huko hugeuzwa kuwa aina nyingine ya sukari iitwayo sobitoli, ambayo haitoki kirahisi. Protini zinagandiwa na sukari na kuharibika, na vile vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha neva yenyewe vinaziba kimoja kimoja. Neva inanyauka kuanzia nchani kurudi juu. Ganzi ikishapanda mpaka karibu na magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza.

Nyuzi nyembamba ndizo huanza kuumia mara nyingi, zile za maumivu na za joto na baridi. Hapo ndipo mtu anasema miguu inawaka moto, inachomwachomwa na sindano, hata khanga ikimgusa usiku anaruka. Rafiki yangu mmoja wa Tanga alikuwa akiamka usiku na kusimama peku kwenye sakafu ya saruji ili apate nafuu. Nyuzi nene za mtetemo, na za kukujulisha mguu wako uko wapi gizani, zikiumia, mtu anayumba akifumba macho kunawa uso. Na jambo gumu kuwaeleza ndugu ni kwamba mguu uleule unaweza kuwaka moto usiku kucha na mchana ukakanyaga msumari bila kuhisi. Wanadhani unadeka.

Mimi ni wa lile kundi lisilohisi kitu. Niligunduliwa na nesi kijana kwenye kliniki ambayo, kwa miaka yote niliyokwenda, ilikuwa inapima sukari na presha, inaandika kwenye kadi na kuita mwingine. Siku hiyo alinivua viatu. Alikuwa na kile chuma chenye meno mawili kinachotetemeka kikigongwa. Akaniambia, "Dada, fumba macho. Ukihisi kinatetemeka, sema ndiyo. Kikiacha, sema kimeacha." Nikafumba, nikangoja. Nikaendelea kungoja, nikidhani bado anakitafuta mahali pa kukiweka. Akasema kwa sauti ya chini, "Nimeshaweka dada. Kipo kwenye kidole gumba." Alipokihamishia kwenye kifundo cha mguu nilikihisi vizuri kabisa. Namshukuru binti yule mpaka leo, kwa sababu bila yeye ningekuwa kwenye hesabu ya wazima.

Kipimo kingine alichotumia ni uzi mgumu wa nailoni uliofungwa kwenye mpini. Ukibonyezwa kwenye ngozi mpaka ukapinda, unakuwa umekandamiza kwa nguvu ya gramu 10. Asiyeuhisi chini ya unyayo amepoteza ulinzi wa mguu wake. Kuna historia hapa ambayo watu wa kwetu wataielewa haraka. Dk. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi na wagonjwa wa ukoma Vellore, kusini mwa India, alionyesha kwamba vidole vya wakoma havikuwa vinaoza na kudondoka kama watu walivyoamini. Vilikuwa vinaumia, vinaungua na kukatika kidogo kidogo kwa sababu mwenye navyo hakuhisi. Baadaye alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, na kazi iliyofanyika huko kuhusu miguu isiyohisi, pamoja na nyuzi hizi za kupimia, ikahamishiwa kwa wagonjwa wa kisukari. Bibi zetu walivijua vijiji vya wakoma, na walimwogopa mkoma wakidhani ugonjwa unakula nyama. Kumbe kilichokuwa kimekosekana ni maumivu.

Dar es Salaam nayo ina sehemu yake kwenye elimu hii, na nadhani hatuisemi vya kutosha. Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wameandika kwa miaka mingi kuhusu miguu ya wagonjwa wa kisukari mjini humo, na mwaka 2005 walichapisha ripoti kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Sisi tumekua tukiambiwa panya huuma na kupuliza, ndiyo maana hushtuki. Kwa mtu ambaye neva zake zimekufa, panya hana haja ya kupuliza. Anaamka asubuhi shuka lina damu na kidole kimeliwa, na kama hana mtu wa kumtazama miguu, ataliona jeraha likishaanza kunuka. Tangu mwaka 2004 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwafundisha madaktari na manesi wa mikoani kutunza mguu wa kisukari hatua kwa hatua, kwa sababu waliokuwa wakiletwa mjini walikuwa wanafika wakati wa kukatwa. Wengi wa wagonjwa hao ni wa aina ya pili, ndiyo. Lakini mguu usiohisi ni uleule.

Tukirudi kwa wa aina ya kwanza wa huku kwetu, kuna namba moja inayoniuma kuliko zote nilizotaja. Mwaka 2022 watafiti walikadiria kwamba mtoto wa miaka 10 aliyegunduliwa mwaka 2021 akiwa nchi ya kipato cha chini ana wastani wa miaka 13 ya kuishi. Mwenzake wa nchi tajiri ana 65. Fikiria maana yake kwa swali letu. Uharibifu wa neva unahitaji miaka ili uonekane, na nchi ambayo watoto wake wanakufa wakiwa na miaka ishirini na kitu, kwa kukosa insulini au kwa kupelekwa hospitali wakiambiwa ni malaria kumbe sukari imepanda, itaonekana ina neva nzuri. Uhaba wa wagonjwa wa neva kwenye kliniki za vijana usitufurahishe bila kuuliza wenzao wako wapi.

Mambo yamebadilika, na hili naliona kwa macho yangu. Tangu mwaka 2009 kuna mpango wa kuwapa watoto insulini bure katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, na vijana ambao zamani wangezikwa sasa wanamaliza chuo. Alhamdulillah. Lakini mipango mingi ya namna hii ni ya watoto na vijana. Kijana akishakuwa mtu mzima anaambiwa ajitegemee, ananunua insulini na stripu za kupimia kwa mshahara wa kwanza kama anao, na huo ndio umri ambao namba ya Pittsburgh inaanza kupanda kutoka 18 kwenda 58. Anaachwa mkono wakati neva zake zinamhitaji zaidi. Kwangu hili ndilo jambo la kupigania kwanza.

Maana neva zinalindika. Mwaka 1983 Marekani na Kanada zilianza utafiti wa watu 1,441 wenye aina ya kwanza, wa miaka 13 hadi 39. Nusu waliendelea na matibabu ya kawaida ya enzi hizo, sindano moja au mbili kwa siku. Nusu walichoma mara tatu au zaidi, au wakatumia pampu, na kujipima sukari angalau mara nne kila siku. Ulipofungwa mwaka 1993, kabla ya muda uliopangwa kwa sababu jibu lilikuwa wazi, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilikuwa karibu asilimia 7 kwa kundi la pili na 9 kwa la kwanza, na uharibifu wa neva kwa kundi la pili ulikuwa umepungua kwa asilimia 60 ukilinganisha na la kwanza. Baada ya hapo wote walishauriwa kufuata njia ya kundi la pili, na sukari zao zikaja kulingana. Walipopimwa tena miaka 13 hadi 14 baadaye, kati ya waliotunza sukari mapema wenye tatizo walikuwa asilimia 25, kutoka 9 utafiti ulipofungwa. Wale wengine walikuwa 35, kutoka 17. Mwili ulikuwa bado unakumbuka ile miaka ya mwanzo.

Namba hizo zinasema mambo mawili na yote lazima yasemwe. La kwanza, miaka ya shule ya mtoto wako ina thamani hata kama baadaye atateleza. La pili, hata kwa waliofanya kila walichoambiwa, mmoja kati ya wanne alipata. Kwa hiyo tusimsute mtu mwenye ganzi kwamba hakujitunza. Nimewasikia watu wakisutwa hivyo mbele ya foleni nzima, na wengine hawakurudi kliniki tena. Watafiti wa Ulaya, waliopima zaidi ya watu elfu tatu wa nchi 16 na kukuta asilimia 28 wana tatizo, waliwafuatilia wazima kwa miaka kama saba, na karibu robo wakalipata. Mbali na sukari na miaka, kilichochangia kilikuwa mafuta kwenye damu, uzito, sigara na presha. Presha inapimika hata kwenye zahanati ya kijiji, kwa hiyo hapo hatuna kisingizio.

Kuna neva nyingine ambazo watu hawazitaji kwa sababu haziko miguuni. Zinaendesha moyo, tumbo, kibofu, jasho na mambo ya chumbani. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio umekaa tu. Unasimama kutoka kitandani kizunguzungu kinakuangusha. Chakula kinakaa tumboni, insulini imeshafanya kazi kabla hakijashuka, sukari inaporomoka, na saa chache baadaye inapaa. Wanaume wengi vijana wenye aina ya kwanza wanahangaika na nguvu za kiume kimya kimya, wakanunua dawa za barabarani, kumbe ni neva na kuna matibabu hospitalini. Kaka zangu, mwambieni daktari. Na kuna ile ya kutohisi sukari inaposhuka, hutetemeki wala hutokwi jasho, unajikuta umezimia. Ukiona sukari yako inasoma chini sana na wewe uko sawa tu, usilale na jambo hilo.

Halafu, si kila ganzi ni ya sukari. Upungufu wa vitamini B12 unaleta ganzi ileile, na watu wa aina ya kwanza wako karibu nao zaidi kwa sababu mwili unaoshambulia kongosho unaweza pia kushambulia tumbo lisichukue vitamini hiyo. Tezi ya shingoni ikiwa mvivu, pombe nyingi, dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi ikitumiwa bila vitamini B6, baadhi ya dawa za zamani za virusi vya ukimwi: zote hizi zinagusa neva, na huku kwetu mtu anaweza kuwa na mbili au tatu kwa wakati mmoja. Tena kuna maumivu makali yanayoweza kuanza ndani ya wiki chache baada ya sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu kushushwa kwa ghafla. Mtu anasema "nilikuwa mzima mpaka nilipoanza kufuata masharti" na kuacha insulini. Asiache. Kwa kawaida yanapungua kwa miezi, na daktari anaweza kupanga sukari ishuke kwa ngazi.

Kwa moto wa usiku zipo dawa, na amitriptilini ni ya bei nafuu na inapatikana maduka mengi ya dawa kwa cheti. Inapunguza maumivu, haifufui neva. Anayekuuzia unga au mafuta ya kufufua neva za kisukari anachukua pesa yako ya stripu.

Kipimo cha miguu kwa aina ya kwanza kinatakiwa kuanza miaka mitano baada ya kugunduliwa, na kwa mtoto, awe ameanza kubalehe au amefika miaka 10. Baada ya hapo kila mwaka. Kinachukua dakika chache na hakihitaji umeme wala maabara. Nesi asipokuvua viatu, vua mwenyewe, weka miguu mbele yake na useme kwa adabu, "Naomba unipime miguu." Nyumbani, anayetawadha ana nafasi tano kwa siku za kutazama kati ya vidole na kukausha vizuri; asiyetawadha atenge muda jioni, na unyayo usioonekana utazamwe kwa kioo au na mtoto mwenye macho makali. Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine, si kwa mguu. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Mimi ndala nimeziacha hata uani, na wanangu wanajua kwamba mama haendi peku, hata kwenye mchanga wa pwani saa sita mchana, kwa sababu mama hatajua kama unaunguza.